Tyubu ya baiskeli ya lami Mombasa: soma tairi, pima rimu, ndipo ulipe

Tyubu nyingi zinazolaumiwa kuwa feki hazikuwa feki. Zilikuwa nyembamba kuliko tairi, au valvu yake ilicheza ndani ya tundu la rimu, au zilivishwa juu ya waya uleule uliotoboa ile ya kwanza. Muuza duka akikwambia "hii itaingia tu, kaka," anasema kweli. Itaingia. Kama itamaliza mwezi ni jambo jingine, na hilo hulijui kwa kuiangalia tyubu peke yake. Inabidi kwanza uangalie tairi, rimu, na ile tyubu iliyokufa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha kila siku kwenye lami: anayetoka Bamburi au Kongowea kuingia kisiwani kwa daraja la Nyali, anayetoka Mikindani akapita Changamwe na Makupa ubavuni mwa malori ya bandarini, au anayesukuma baiskeli yake kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni. Wa mashindano wana hesabu zao nyingine.

Hatua ya 1: soma ubavu wa tairi

Futa vumbi ubavuni mwa tairi utafute nambari mbili zenye kistari katikati: 28-622, 32-622, 40-635, 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, nayo pia ni milimita. Hizo ndizo nambari za kwenda nazo dukani. Zipige picha kwa simu.

Nambari za inchi hazitoshi, maana inchi moja ina maana zaidi ya moja. "Ishirini na sita" inaweza kuwa 559 ya baiskeli ya milimani, au 590 ya baiskeli ya zamani iliyoandikwa 26 x 1 3/8. "Ishirini na nane" inaweza kuwa 622, au 635 ya zile Black Mamba za kubebea mikate na madafu, zenye tairi la 28 x 1 1/2. Kisha 700C na 29 ni rimu moja, zote 622, ila upana ndio tofauti. Ukisema "nipe ya 28" umemwachia muuzaji abahatishe.

Sanduku la tyubu hutaja upana wa kuanzia na wa kuishia: 18-25, 25-32, 28-38, 35-43 na kadhalika. Chagua lile ambalo upana wa tairi lako umeangukia katikati, si pembeni. Tairi la 28 lichukue 25-32. Tairi la 32, ukiwa na hiari, lichukue 28-38 kuliko 25-32. Sababu ni ya mpira wenyewe: tyubu ya 18-25 ukiivisha ndani ya tairi la 32 itajaa, baiskeli itakwenda, lakini ngozi yake imevutwa ikawa kama ya puto. Upepo hupenya haraka zaidi kwenye ngozi nyembamba, na waya ambao kwenye tyubu ya kipimo ungeishia njiani huku unatokeza. Kiraka nacho hakikai vizuri juu ya mpira uliovutika hivyo.

Kinyume chake ni kubaya pia. Tyubu pana ndani ya tairi jembamba hujikunja, na mkunjo ukibanwa wiki kadhaa kwa joto na mzigo unakuwa ufa. Zaidi ya hayo inakataa kuingia chini ya ukingo wa tairi, unaanza kulazimisha kwa leva (kile kijiti cha kung'olea tairi), unaibana, na unaitoboa wewe mwenyewe kabla haijaona barabara.

Kuhusu kipenyo kuna nafasi kidogo. Kati ya 622 na 635 tofauti ni milimita 13, yaani kama sentimita 4 ukizungusha mduara mzima. Tyubu inavutika kiasi hicho bila shida, ndiyo maana masanduku mengi huandika vipimo vyote viwili. Matairi hayabadilishani hata siku moja, tyubu tu. Lakini tyubu ya 559 kwenye rimu ya 622 inavutwa karibu sentimita 20. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, ukifika uitoe.

Hatua ya 2: pima tundu la valvu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Valvu ziko tatu. Ya kwanza ni nene, sawa na ya gari na pikipiki. Jina lake ni Schrader na watu wengi huiita valvu ya gari. Shina lake ni kama milimita 8, tundu lake 8.5. Ya pili ni nyembamba yenye kijinati kidogo nchani unachokilegeza kabla ya kujaza. Hiyo ni Presta, shina milimita 6, tundu 6.5. Ya tatu ni ya Black Mamba, Dunlop, ambayo tundu lake ni lilelile la 8.5 lakini kichwa chake si cha gari.

Huna chombo cha kupimia? Toa tairi na uchukue penseli ya kawaida ya mbao, ambayo unene wake ni kama milimita 7. Ikipita kwenye tundu la rimu, tundu ni la 8.5. Ikigoma, ni la 6.5.

Tundu la 6.5 linakubali Presta peke yake. Kuna mafundi watakaokwambia wakutobolee litoshe valvu ya gari, kazi ya dakika mbili. Kwenye rimu nyembamba za baiskeli ya lami kataa: unapunguza chuma mahali palipo dhaifu tayari, na kingo za tundu jipya zikiachwa bila kupigwa msasa zinakata shina la kila tyubu utakayoivisha.

Tundu la 8.5 linakubali valvu yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukivisha Presta kwenye tundu hilo bila kitu cha kujaza nafasi, kila upande wa shina unabaki wazi zaidi ya milimita moja. Tyubu ikijaa inasukuma mpira wake utokeze kupitia mwanya ule, ukingo wa chuma unausaga, na siku chache baadaye inachanika penye shina. Mahali hapo hapazibiki. Dawa ni kibushi kidogo cha plastiki au shaba kinachokaa ndani ya tundu. Ukikikosa, kata kipande cha tyubu kuukuu ukubwa wa sarafu, toboa katikati, kivishe kwenye shina kiwe kati ya tyubu na rimu. Si suluhisho la kudumu, lakini kinazuia mpira kutoka.

Kwa mtu wa Mombasa mwenye tundu la 8.5, maoni yetu ni valvu ya gari bila kusita. Kila fundi wa bodaboda ana pampu yake, kila kituo cha mafuta kina mashine yake, na kile kisindano cha ndani kikichoka kinabadilishwa. Mwenye tundu la 6.5 achukue Presta pamoja na adapta ya shaba, ile ndogo kama ncha ya kidole inayofungwa juu ya Presta ili pampu ya gari ishike. Nunua mbili, maana hupotea.

Angalizo la mashine ya kituo cha mafuta: imetengenezwa kujaza matairi ya magari. Tairi la 28 linameza upepo kidogo sana, na mashine ile inaweza kulijaza mpaka kulipasua kabla hujainua kichwa kuangalia geji. Usimwachie mhudumu akufanyie kama anavyofanya gari. Bonyeza sekunde moja, achia, minya tairi kwa kidole gumba, bonyeza tena.

Dunlop haina makosa yake isipokuwa moja. Zile za kizamani zina kipira chembamba kilichovikwa kwenye kisindano, nacho kwa joto letu kinanata, kinaoza, na tairi linaanza kulegea polepole bila pancha yoyote. Watu huvua tyubu, huizungusha kwenye karai la maji kutafuta tundu, hawaoni kitu, wananunua mpya. Kabla ya hapo fungua valvu uangalie kipira. Siku hizi vipo visindano vya Dunlop visivyo na kipira, vinaingia kwenye shina lilelile na vinajazika kirahisi zaidi. Ukiviona, nunua.

Hatua ya 3: urefu wa shina

Hii ni kwa wenye Presta zaidi. Weka rula ubavuni mwa rimu, pima kimo chake kuanzia pale tairi linapoishia hadi pale spoku zinapoingilia. Ongeza milimita 20 hivi. Rimu ya kimo cha 20 inatosha na shina la 40. Ya 30 itake 48 au zaidi. Ya 50 inataka 80, kwa sababu 60 itabakiza kipande kidogo ambacho kichwa cha pampu hakikishiki.

Refu kupita kiasi nalo ni balaa. Shina la 80 kwenye rimu fupi linatikisika, na ukijaza kwa pampu ya mkono unalipeleka kushoto na kulia kama usukani. Mwisho wake ni ule ufa penye shina.

Hatua ya 4: mpira gani

Zipo aina tatu madukani na mtandaoni, na kwa matumizi ya kila siku jibu ni moja.

Butili ni ule mweusi wa kawaida. Ulivumbuliwa mwaka 1937 na wanakemia William Sparks na Robert Thomas wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, na sifa iliyoupeleka ndani ya matairi ni kwamba unazuia hewa kupenya kuliko mpira wa asili. Tyubu ya butili ya 700 x 25-32 ina uzito wa gramu 100 hadi 140 hivi. Unaijaza mara moja kwa wiki, unaizibia popote, inavumilia kusahauliwa. Chukua hiyo.

Zipo butili za kupunguza uzito, chini ya gramu 80. Mpira ni uleule, ngozi ni nyembamba. Gramu 40 ulizookoa huzihisi ukipanda daraja la Nyali, lakini waya utazihisi. Mizani ya jikoni inakwambia haraka umeuziwa ipi.

Lateksi ni laini, inateleza vizuri, na waendeshaji wa mashindano wanaipenda. Lakini inavuja kwa asili yake: tairi ulilojaza jioni utalikuta limelegea alfajiri, kila siku. Jua na mafuta vinaila. Kwa mtu anayewahi zamu ya saa kumi na mbili bandarini si rafiki.

TPU ni plastiki ngumu kidogo, mara nyingi ya rangi ya kung'aa, gramu 25 hadi 40, inakunjika ikawa ndogo kama kiberiti. Nzuri kama ya akiba. Tatizo lake ni kibandani: solusheni ya kawaida na kiraka cha mpira havishiki juu yake, inataka viraka vyake maalumu, na fundi akijaribu kuibania kiraka kwa moto ataiyeyusha. Pia usiijaze nje ya tairi kuitafutia tundu kama ulivyozoea; ikivimba kupita kiasi hairudi umbo lake.

Halafu kuna tyubu nene za kuzuia miiba, ambazo upande wa nje una unene wa milimita 3 au 4. Anayekatiza njia za vumbi za Utange au Kisauni ndani, penye mbigili na miiba ya mikunazi, atazipenda. Miiba mifupi haifiki. Kwa lami tupu zinakuongezea uzito mkubwa na msumari haujali. Pesa hiyo ingenunua tairi lenye mshipi wa kinga chini ya kashata (mpira unaokanyaga barabara), ambalo linasimamisha waya kabla haujaifikia tyubu. Tairi lililoisha mpaka nyuzi zinaonekana haliokolewi na tyubu ya aina yoyote.

Na maji ya kuzibia? Yanafanya kazi kwa matundu madogo, mradi valvu inafunguka kisindano ili uyamimine. Kwa joto la Pwani yanakauka mapema, kwa hiyo hesabu kuongeza kila miezi 2 au 3. Yakishatapakaa ndani, kiraka kinasumbua kushika, kwani maji yanachuruzika penye tundu ukiwa unapaka solusheni.

Hatua ya 5: ikague dukani kabla hujalipa

Omba ifunguliwe. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili. Mwembe Tayari kuna vibanda vya kutosha.

Ikunjue yote. Tyubu iliyokaa miaka kwenye rafu inayopigwa na jua hupasuka kwanza kwenye mikunjo, kwa hiyo vuta kila mkunjo kwa vidole viwili utazame kama kuna mistari midogo kama nywele. Poda nyeupe juu yake ni dalili njema, inazuia mpira kugandana. Angalia shina linapoungana na mpira: mviringo wa msingi uwe umeshika pande zote, bila ukingo ulioinuka. Kwa Presta tazama ncha. Ikiwa na pande mbili bapa, kisindano kinafunguka, na hicho ndicho unachokitaka.

Ijaze kidogo mpaka ipate umbo la mviringo. Iwe na unene ulio sawa. Ikitoa nundu upande mmoja, ngozi ya pale ni nyembamba, irudishe. Kisha isogeze karibu na sikio na shavu kipande kwa kipande. Ngozi ya shavu inahisi upepo ambao sikio halisikii, hasa sokoni penye kelele.

Hatua ya 6: isome iliyokufa

Usiitupe tyubu ya zamani kabla hujajua kilichoiua, na usivishe mpya kabla ya hapo. Ukiitoa kwenye tairi, kumbuka upande uliokaa na pale valvu ilipokuwa, ili ukipata tundu uweze kulilinganisha na mahali pake kwenye tairi na rimu. Ijaze, izamishe kwenye karai la maji, ifuate sentimita kwa sentimita. Mapovu yakitoka, futa pale na uweke alama.

Tundu moja dogo upande wa nje: mwiba au waya. Kwenye barabara ya Changamwe mwuaji mkubwa ni vipande vya nyuzi za chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni vyembamba kama nywele ngumu, vinaingia kwenye tairi na haviingii machoni. Kidole hakivihisi mpaka kikuchome. Chukua pamba au kipande cha leso, kipitishe ndani ya tairi mzunguko mzima, kwanza kulia kisha kushoto. Kikikwama, hapo pana waya. Utoe kwa koleo kutoka ndani au nje, popote unaposhikika.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka: tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu. Uligonga tuta au ukingo wa shimo ukiwa na upepo mdogo. Tyubu mpya ya aina yoyote itafanya hivyohivyo, tatizo ni pampu. Kama upepo ulikuwa sawa na bado inatokea, tairi lako ni jembamba kwa uzito unaobeba.

Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu: ncha ya spoku imetokeza, au utepe wa rimu, ule unaofunika matundu ya spoku, umehama. Wengi hapa hutandika ukanda wa tyubu kuukuu badala ya utepe. Kwenye rimu ya Black Mamba yenye ukuta mmoja na upepo wa psi 45 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji), unafanya kazi miaka. Kwenye rimu ya kuta mbili yenye matundu makubwa na psi 70 haufai: mpira unazama ndani ya tundu, tyubu inaufuata, inapasuka kwenye ukingo. Utepe mwembamba wa plastiki nao hulainika kwa joto ukazama vilevile. Nunua wa kitambaa, upana uwe wa kufunika matundu yote bila kupanda kwenye kingo zinazoshika tairi.

Ufa penye shina: tumeshausema, mwanya, shina refu, au kuendesha na upepo mdogo hadi tairi likazunguka juu ya rimu na kulivuta shina. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, toa upepo uinyooshe leo.

Mpasuko mrefu wa sentimita 5 hadi 10, ulioambatana na kishindo: hiyo haikutobolewa, ilitoka nje ya tairi. Ama ilibanwa chini ya ukingo wakati wa kuvisha, ama ubavu wa tairi umechanika. Watu husema jua limeipasua. Hesabu inakataa. Tairi la psi 70 lililojazwa kivulini kwa nyuzi 28 za Selsiasi likiachwa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 50, linapanda hadi psi 76 hivi. Tairi zima linabeba hizo psi 6. Jua lilimaliza tu kazi iliyoanzwa na mvishaji.

Hatua ya 7: kuvisha

Futa ndani ya tairi. Paka tyubu poda kidogo, ya mtoto inafaa. Usitumie grisi, mafuta ya taa wala ya injini. Mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Ijaze upepo wa pumzi mbili tatu, iwe mviringo tu.

Ingiza shina kwanza, kisha tyubu yote ndani ya tairi. Anza kuvisha ukingo wa pili upande ulio mkabala na valvu, ukija kwa mikono miwili kuelekea kwenye valvu, na umalizie hapo. Wengi hufanya kinyume na kisha hujiuliza kwa nini sehemu ya mwisho ni ngumu. Ukimalizia penye valvu, ukingo wa upande wa pili umeshazama katikati ya rimu na kukuachia nafasi. Tumia viganja. Leva ni za kutolea.

Sasa sukuma shina juu ndani ya tairi, liachie lirudi. Hiyo inatoa mpira uliokwama chini ya ukingo pale. Zungusha gurudumu ukiminya tairi pande zote mbili, ukichungulia kati ya tairi na rimu. Ukiona weusi wa tyubu umechungulia popote, ondoa upepo uirudishe ndani. Jaza psi 30, kagua tena kwamba mstari wa ubavuni uko umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima, ndipo umalize.

Nati ya shina ifungwe kwa vidole tu. Ikikazwa kwa koleo, inavuta msingi wa valvu na unarudi kwenye ule ufa.

Kiasi cha upepo kwa mtu wa kilo 70 hadi 75 kiwe hivi cha kuanzia: tairi la 25, psi 85, la 28, psi 70, la 32, psi 58, la 40 la Black Mamba, psi 45 bila mzigo na zaidi ukibeba kreti, bila kupita kilichoandikwa ubavuni. La nyuma lizidi la mbele kwa psi 3 hadi 5. Kofia ya valvu irudishwe, si urembo: mchanga na chumvi ya bahari vikiingia kwenye kisindano cha valvu ya gari, kinakwama nusu wazi na unaamka asubuhi gurudumu liko chini.

Ya akiba

Beba tyubu 1, leva 2, viraka 6, msasa, adapta na pampu. Tyubu ya akiba usiitupe ndani ya mfuko wa kiti pamoja na spana. Mtikisiko wa barabara unaisaga, na siku ya kuihitaji unakuta imetobolewa na vifaa vyako mwenyewe. Ipake poda, itie ndani ya soksi kuukuu, ifunge kwa mpira. Kila miezi 3 ikunjue na kuikunja upya mahali tofauti.

Solusheni ikishafunguliwa hukauka yenyewe ndani ya kichupa, na kwa joto hili haichukui muda mrefu. Nunua vichupa vidogo, vibonyeze kila mwezi kuona kama bado kuna kitu. Ukiziba, piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka, na subiri dakika 3 hadi 5 mpaka isinate kidoleni. Kubandika ikiwa bado mbichi ndiko kunakofanya kiraka kibanduke kesho yake. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 1 kila upande.

Iliyokwisha kabisa, yenye ufa penye shina, kata upande wa valvu uiweke kando: kisindano bado kizima kinaweza kuingia kwenye tyubu nyingine. Mpira uliobaki ukate kuwa kamba za upana wa sentimita 3. Hakuna kitu kinachoshika kreti ya soda kwenye keria kama hizo.